Eksirei ya kidari: lawama ya mfupa wa kuku isiishie kwa mfugaji

Siku mbili kabla ya Idi nilinunua kuku wawili wa mayai waliomaliza muda wao wa kutaga, wale ambao mfugaji akipiga hesabu na kuona chakula kinakula faida yote ya trei huwaondoa bandani kwa bei ya chini. Nilikuwa namnyonyoa wa kwanza, maji bado ya moto, kidole gumba kikapita juu ya kidari kikakwama. Mfupa ambao kwa kuku wa kienyeji hunyooka kama ukingo wa rula ulikuwa umepinda kama herufi S, na karibu na ncha ya nyuma, kuelekea tumboni, palikuwa na kinundu kigumu cha ukubwa wa punje ya hindi. Wa pili alikuwa amenyooka, ila ncha yake ilikuwa imekunjikia ndani. Nilipotenga nyama na mfupa nikapaona pale palipokunjika: mfupa ulivunjika, ukajiunga wenyewe vibaya, ukaacha kovu jeupe lililovimba.

Nilimpigia simu mama aliyeniuzia, nikamuuliza kama kuku wale walianguka au waligongwa wakati wa kusafirishwa.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Hao ndivyo walivyo. Ukichinja kumi utakuta wengi wako hivyo."

Jibu lile lilinikaa moyoni, kwa sababu mama yule amefuga miaka mingi na anachokisema amekiona kwa macho yake. Wataalamu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini nao wamekuwa wakilichimba jambo hilo hilo kwa zaidi ya miaka 20, na chombo kilichowafikisha mbali zaidi ni kile tunachopigwa nacho picha sisi wenyewe tukivunjika mkono. Ninachokiona mimi katika picha hizo ni kwamba zimeitoa kesi mlangoni kwa mfugaji na kuipeleka kwa kampuni zinazozalisha mbegu ya kuku. Sisi tunaonunua mbegu hiyo, hapa Tanzania, Kenya na Uganda, tuna haki ya kudai hesabu ya mifupa kama tunavyopewa hesabu ya mayai.

Tuanze na mfupa wenyewe. Mafundi wa majahazi wa Pwani huita mkuku ule mti mrefu unaolala chini ya chombo kutoka omo hadi tezi, ambao mbavu zote za chombo hujengwa juu yake. Kidari cha kuku kimekaa vivyo hivyo. Ni ubamba mwembamba uliosimama wima katikati ya kifua, na misuli mikubwa ya mabawa imeshikana nao pande zote mbili. Kuku hana kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kama sisi. Akivuta pumzi kifua kizima hutanuka na kidari hushuka, akitoa pumzi kidari hupanda. Mfupa huu haupumziki hata kuku akiwa amelala.

Tena ni mfupa unaochelewa kukomaa. Kuku wa mayai wa kisasa huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20 hivi, lakini ncha ya nyuma ya kidari hubaki gegedu, haijawa mfupa kamili, hadi anapokaribia wiki 35 au 40. Tembe, yaani kuku jike kijana, anapelekwa kwenye kilele cha utagaji kabla mkuku wake haujakauka. Hakuna fundi wa Bagamoyo au Lamu atakayekishusha chombo majini kikiwa na mkuku wa mti mbichi, lakini hivyo ndivyo tunavyowatia kazini kuku hawa.

Kwa muda mrefu uchunguzi wa kidari ulifanywa kwa mkono au kwa kisu. Mkono ni rahisi: unamshika kuku, unapitisha vidole kwenye ukingo wa mfupa, unatafuta kinundu au mpindo. Tatizo ni kwamba mpasuko wa jana hauna kinundu bado, na mpasuko wa kwenye ncha kabisa hufichwa na misuli na mafuta. Mkono hukosa vingi. Kisu huona vizuri zaidi, lakini humkuta kuku amekwisha kufa. Kinaona kovu, hakijui lilianza wiki ya ngapi.

Kwa njia hizo, mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walitoa matokeo ya makundi 67 ya kuku wa mayai. Katika vizimba vilivyoboreshwa, vyenye fito na viota, kiasi cha asilimia 36 ya kuku walikuwa na kidari kilichovunjika. Katika mabanda yenye fito za kulalia za ngazi kadhaa, idadi ilipita asilimia 80. Wengi walizisoma namba hizo kwa haraka: fito ndizo zinazovunja, uhuru ndio unaovunja. Lakini katika utafiti huo huo mlikuwa na jambo jingine. Kuku wa vizimbani ndio waliokuwa na mifupa dhaifu zaidi. Mwenye mfupa dhaifu alivunjika kidogo kwa sababu hakuwa na pa kurukia, na mwenye mfupa imara zaidi alivunjika sana kwa sababu aliruka, akakosea, akatua juu ya chuma. Mtu akikuambia kuku wake wana mifupa mizuri kwa kuwa hawajavunjika, muulize kwanza wanaishi wapi.

Kuanzia hapo lawama zilimwangukia mwenye banda. Fito zako ziko juu mno, mwanga wako hafifu, chokaa yako haitoshi. Baadhi ya lawama hizo ni za haki, na zimeleta mema. Uswisi iliachana na vizimba vya kuku wa mayai tangu mwanzo wa 1992, miaka 20 kamili kabla ya Umoja wa Ulaya kupiga marufuku vizimba vitupu mwaka 2012, na huko ndiko walikojaribu kuweka ngazi za kutembelea kati ya sakafu na ghorofa za banda. Kuku walipopata pa kupandia kwa miguu badala ya kuruka, maanguko yalipungua na mivunjiko ikapungua. Yalipungua, hayakuisha. Hapo ndipo eksirei ilipoingia na kuanza kusema mambo ambayo mkono na kisu havikuweza kuyasema.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern, katika kituo chao cha Zollikofen, walihitaji njia ya kumpiga kuku picha bila kumlaza usingizi kwa dawa, maana unataka kuwapiga picha kuku wengi na uwarudie tena na tena. Walichofanya kitamfanya msomaji wa huku atikise kichwa kwa kukitambua. Walimning'iniza kuku kwa miguu, kichwa chini, ubavu wake ukielekea kwenye mtambo, kwenye fremu waliyoitengeneza kwa kazi hiyo. Kila aliyewahi kubeba kuku kwenye baiskeli kwenda sokoni anajua kwamba kuku akishikwa hivyo hutulia. Utulivu huo una hofu ndani yake, na ndiyo maana kazi hufanywa kwa haraka: picha moja ya ubavuni, kisha kuku anarudishwa kwa wenzake.

Katika picha hiyo ya ubavuni kidari huonekana kama upinde mrefu mweupe unaofifia kuelekea nyuma, pale ambapo bado ni gegedu, kwa kuwa gegedu haishiki mionzi. Mvunjiko mpya ni mstari mweusi mwembamba unaokata upinde. Mvunjiko wa zamani umezungukwa na wingu jeupe, ndicho kile kinundu nilichokigusa kwa kidole gumba. Wakati mwingine vipande viwili vimepishana, kimoja juu ya kingine, na picha ya mwezi unaofuata inaonyesha kwamba bado havijaungana. Waliotengeneza njia hii waliona mapema kwamba kuandika tu "amevunjika" au "hajavunjika" hakutoshi, wakabuni kipimo cha ukali kinachosomwa moja kwa moja kwenye picha.

Faida kubwa ilikuja walipowafuata kuku wale wale tangu walipoanza kutaga hadi walipopita wiki 60 za umri, wakiwapiga picha kila baada ya wiki chache. Karibu kila kuku alipata angalau mvunjiko mmoja, wengi zaidi ya mmoja, na sehemu kubwa ilikuwa theluthi ya nyuma ya kidari. Mivunjiko ilianza kuonekana wakati utagaji unapanda kwenda kileleni. Kuku ambao mkono ungewapitisha kuwa wazima walikuwa wamekwisha kuvunjika, wakapona nusu, wakavunjika tena jirani na pale pa kwanza. Nje hakuna linaloonekana. Anakula, anataga, anapanda kwenye fito.

Kuna wanaosema kwamba kama anakula na anataga basi haumwi. Bristol walilijibu hilo mwaka 2012 kwa jaribio ambalo mimi naliona ni la heshima kwa mnyama. Waliwapa kuku dawa ya kutuliza maumivu, butofanoli, kisha wakapima muda wanaotumia kushuka kutoka kwenye fito. Kuku wenye kidari kizima hawakubadilika sana. Wenye kidari kilichovunjika, baada ya dawa, walishuka haraka zaidi kuliko walivyoshuka bila dawa. Kilichokuwa kinawachelewesha pale juu ni maumivu. Watafiti hao hao walikuja kuonyesha pia kwamba kuku wenye kidari kilichovunjika hutaga pungufu huku wakila zaidi, kwa hiyo hata anayetazama daftari la mapato tu ana sababu ya kujali.

Mwaka 2021 timu ya Chuo Kikuu cha Copenhagen ilichapisha uchunguzi wa kuku 4,794 kutoka makundi 40 nchini Denmark. Katika mabanda yasiyo na vizimba, waliovunjika kidari mwishoni mwa utagaji walikuwa kati ya asilimia 53 na 100 kutegemea kundi. Katika vizimba vilivyoboreshwa walikuwa kati ya 50 na 98. Msomaji arudi kwenye namba hizo mara ya pili. Ile tofauti ya Bristol kati ya kizimba na banda huru imekaribia kufutika, na karibu mivunjiko yote iko pale pale kwenye theluthi ya nyuma. Kama tatizo lingekuwa kugonga fito tu, kuku wa kizimbani asiye na pa kurukia asingefika asilimia 98, na mivunjiko ingetawanyika kidari kizima. Wadenmark wakaanza kuangalia ndani ya kuku: umri anaoanza kutaga, uzito wake siku hiyo, ukubwa wa yai lenyewe linavyosukuma kutoka ndani.

Jaribio lililonishawishi kuliko yote lilifanyika Celle, kaskazini mwa Ujerumani, katika taasisi ya serikali ya afya ya wanyama, Friedrich-Loeffler-Institut. Huko walichukua kuku wa mayai wakawapandikizia chini ya ngozi kidonge cha deslorelini, dawa inayozima mfumo wa uzazi, kuku asitage kabisa. Wengine waliachwa watage kama kawaida. Banda moja, chakula kimoja, kisha eksirei kwa kila kuku mara kwa mara. Waliotaga walivunjika vidari. Ambao hawakutaga walivunjika kwa nadra, na katika picha mfupa wao wa kidari ulikuwa na msongamano mkubwa zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Hakuna aliyegusa fito, hakuna aliyeongeza chokaa. Kilichobadilishwa ni utagaji na homoni zake.

Ukilinganisha na kuku mwitu mwekundu wa Asia, babu wa kuku wote tunaowafuga, mambo yanaelewana. Yule hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mwaka, na wataalamu wa Norway na Denmark walipochunguza vidari vyake walikuta mivunjiko michache mno ukilinganisha na wazao wake. Kuku wa mayai wa leo hupita mayai 300 kwa mwaka. Kila ganda linahitaji takribani gramu 2 za kalsiamu. Kwa mwaka mmoja kuku anapitisha mwilini kalsiamu zaidi ya mara 20 ya ile iliyomo katika mifupa yake yote. Ganda hutengenezwa zaidi usiku, wakati firigisi na utumbo vinaelekea kuwa vitupu. Upungufu huo unalipwa na mfupa.

Hapa pana jambo la kifundi ambalo kila anayesifia picha za mifupa anapaswa kulijua, kwa sababu picha inaweza kukudanganya. Wiki mbili hivi kabla ya yai la kwanza, homoni ya estrojeni hubadilisha kazi ya seli zinazojenga mifupa. Zinaacha kujenga mfupa wa kubeba mwili na kuanza kujaza uwazi wa ndani, mahali pa uboho, kwa mfupa laini wa kuhifadhi kalsiamu. Ni kama ghala. Usiku linafunguliwa, mchana linajazwa. Ghala hilo lina madini mengi, linashika mionzi, na katika eksirei muundi wa kuku anayetaga huonekana mweupe na umeshiba. Lakini halibebi uzito kama ukuta wa nje wa mfupa unavyobeba, na ukuta huo ndio unaozidi kupungua kila mwezi anaoendelea kutaga. Mtu akisoma weupe wa picha kama tunavyousoma kwa binadamu atasema kuku huyu yuko salama, kumbe ghala limejaa na nyumba inabomoka.

Ndiyo maana vyombo vimekuwa vingi. Mtambo wa eksirei ya miali miwili, ule ule unaotumika hospitali kupima mifupa ya wazee, umewahi kutumika kwa kuku hai, lakini unajumlisha kila kitu, ghala na ukuta, kuwa namba moja. Siti skani inakata mfupa vipande na kuutenga ukuta na ghala. Ndiyo yenye ukweli mwingi zaidi, ila ni ghali na kwa kawaida kuku lazima alazwe kwa dawa. Mawimbi ya ultrasaundi ni nafuu, ingawa yanakwenda na ustadi wa anayeyashika. Mabingwa wa taasisi ya utafiti wa wanyama ya Roslin, karibu na Edinburgh, Scotland, wamekuwa wakiweka kando ya mfupa kipande cha alumini chenye ngazi za unene tofauti, kikapigwa picha pamoja nao, ili weupe wa mfupa upimwe kwa kulinganishwa na weupe wa alumini na siyo kwa jicho la msomaji. Mimi nakipenda kile kipande cha alumini. Kinageuza picha kuwa kipimo, na kipimo kinaweza kulinganishwa mwaka kwa mwaka na banda kwa banda.

Roslin ndiko pia hoja yangu inakopata nguvu. Mwaka 2000 walitoa matokeo ya kazi ya vizazi kadhaa: walichanganya vipimo vya kidari, muundi na bawa kuwa alama moja ya ubora wa mfupa, wakazalisha ukoo mmoja wa kuku wenye alama za juu na mwingine wenye alama za chini. Koo hizo mbili zilitengana waziwazi. Kiasi cha asilimia 40 ya tofauti za alama hiyo baina ya kuku na kuku ilitokana na urithi. Kwa mtu wa mifugo hiyo ni asilimia kubwa. Kuna tabia nyingi tunazozichagulia zenye urithi mdogo kuliko huo. Mfupa imara, basi, unaweza kuzaliwa nao kuku, akauleta bandani.

Kikwazo kilikuwa kwamba alama ile ilipatikana kuku akiwa amekwisha kuchinjwa. Unampima mama akiwa maiti, ndipo unaamua watoto wake yupi abaki. Kampuni ya mbegu ina haraka kuliko hivyo. Ndiyo maana kazi ya Roslin ya miaka ya karibuni ya kumpiga kuku hai picha ya muundi, bila dawa ya usingizi, kwa muda mfupi kiasi cha kuweza kupanga foleni ya kuku wengi kwa siku moja, ina uzito kuliko inavyosikika. Mama anapimwa, anarudi bandani, anaendelea kutaga, na daftari lake la uzazi linapata safu mpya.

Najua mtu wa huku atauliza swali la haki: katika nchi ambazo mgonjwa husafiri wilaya mbili kutafuta eksirei, itakuwaje tuzungumze juu ya eksirei ya kuku? Swali hili silipiti juu juu, nimewahi kukaa kwenye benchi la hospitali na mtu wangu aliyevunjika nyonga tukisubiri mtambo utengenezwe. Jibu langu ni kwamba hakuna anayemtaka mfugaji wa Kibaha, Thika au Mukono anunue mtambo. Picha inatakiwa ipigwe kule juu kabisa, kwa bibi wa kuku. Ufugaji wa kuku wa mayai umejengwa kama piramidi. Juu kuna koo safi chache za kampuni chache za Ulaya na Marekani; chini yake mabibi, chini yao wazazi, na chini kabisa vifaranga wa siku moja wanaofika kwenye maboksi. Lohmann Brown au ISA Brown aliye bandani Dodoma ana bibi mmoja na kuku wa Ujerumani au Uholanzi. Kuku mmoja wa kileleni akichaguliwa vizuri, mifupa yake inashuka hadi kwa vitukuu wasiohesabika. Hakuna mahali pengine duniani ambapo eksirei moja ingewafikia wanyama wengi kiasi hicho.

Na mbio zinakwenda upande wa pili. Lengo linalotangazwa na wazalishaji wa mbegu kwa miaka sasa ni kuku mmoja kutaga mayai 500 hadi afike wiki 100, bila kupumzishwa. Kwa mfugaji ni habari njema, anapunguza gharama za kununua na kulea vifaranga. Lakini ni wiki nyingine 20 au 30 za kukopa kwenye ukuta ule ule wa mfupa. Sipingi lengo. Nataka anayelitangaza aweke mezani picha za vidari vya kuku hao katika wiki ya 100.

Wakati tunasubiri, mfugaji bado ana mambo mikononi mwake, na singependa makala hii imwambie akae tu. Tembe asiharakishwe kutaga: kuwaongezea mwanga mapema ili mayai yaanze haraka, kabla uzito haujatimia, ni kuupeleka majini mkuku usiokauka. Chokaa ya unga laini hupita tumboni upesi. Chokaa ya chembe kubwa au kombe zilizopondwa hukaa kwenye firigisi na kuachia kalsiamu polepole usiku, saa ambazo ganda linatengenezwa, kwa hiyo ni vizuri chembe hizo ziliwe jioni. Vifaranga waliolelewa mahali pa kuruka na kupanda tangu wadogo hukua na mifupa imara zaidi. Hilo Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, kimelionyesha vizuri. Wanaohamia vizimbani kwa sasa, na huku kwetu ni wengi, wakumbuke ile habari ya Bristol kuhusu mifupa dhaifu isiyoonekana. Na fito ziwekwe chini, na ngazi ya mbao za kawaida iwekwe pale kuku anapotakiwa kushuka.

Ila nimechoka kuona orodha kama hiyo ikisomwa kwa wafugaji kwenye kila semina kana kwamba hapo ndipo mambo yanapoishia. Mama aliyeniuzia kuku hawezi kwa chokaa wala kwa ngazi kuondoa kilichoonekana Celle. Wenye uwezo wa kuuliza ni wengine: kampuni zinazoagiza kuku wazazi, na wizara zinazotoa vibali vya kuwaingiza. Kibali kinadai vyeti vya magonjwa, na ni sawa. Kidai pia taarifa ya mifupa: mnapiga picha kuku wa koo zenu? Mnawapiga wakiwa na wiki ngapi? Mnawachagua kwa kidari, au kwa muundi peke yake? Na vyuo vyetu vya udaktari wa mifugo, Sokoine kule Morogoro, Kabete, Makerere, vinaweza kuanza na kisu kabla ya eksirei. Kila wiki kuku waliomaliza kutaga wanachinjwa kwa wingi katika masoko ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mwanafunzi mwenye kisu kikali, daftari na ruhusa ya mchinjaji anaweza kuhesabu vidari siku nzima, na hesabu hiyo ikapelekwa kwa wauza mbegu ikiwa na jina la mbegu yao.

Kitabu cha maelekezo kinachokuja na vifaranga huwa na jedwali la wiki kwa wiki. Ninalo moja hapa, limechakaa, lina alama za kidole chenye pumba. Safu ya kwanza ni umri, kisha uzito wa kuku, asilimia ya utagaji, uzito wa yai, gramu za chakula, idadi ya vifo. Safu ya kidari hakuna. Nimempelekea mama yule picha niliyopiga kwa simu, vidari viwili vilivyochemshwa vikawa vyeupe, vimelazwa juu ya jedwali hilo. Amenijibu kwamba atachinja watano Jumamosi na ataniwekea mifupa.